Mrejesho: mshumaa wa harufu ya bustani baada ya mvua

Aksanti kwa wote mliojibu. Swali lilikuwa: kwa nini mshumaa wa nta ya soya unanukia vizuri ukiwa baridi, lakini ukiwashwa ile harufu ya majani mabichi inapotea, inabaki ya udongo tu?

Jibu lilikuwa kwenye joto. Heksenoli, inayotoa harufu ya nyasi zilizokatwa, hupaa haraka kuliko vetiva, mafuta mazito ya mizizi ya nyasi yenye harufu ya udongo. Ikitiwa nta ingali kwenye 80°C, sehemu yake inaishia hewani. Sasa sufuria inatoka motoni kwanza, nta inapoa hadi 65°C, ndipo mafuta ya harufu yanaingia na kukorogwa polepole dakika mbili.

Kwa nta gramu 500, harufu gramu 40: vetiva 14, mchaichai 14, pachuli (mafuta ya majani ya mmea wenye harufu ya udongo) 8, heksenoli iliyozimuliwa hadi 10% gramu 4. Jeosmini, ule unukio wa ardhi iliyolowa (hata viazi vya biti vinao), ni matone machache ya iliyozimuliwa sana. Ikizidi kidogo, mshumaa unanuka ghala lenye ukungu.

Vetiva ni nzito, inaziba utambi. Chukua utambi mnene zaidi kwa saizi moja. Jioni za Bukavu zina baridi, kwa hiyo pasha glasi kabla ya kumimina, la sivyo nta inabanduka pembeni.

Aliyependekeza majani halisi juu ya nta: hapana, yanashika moto.

Subiri wiki mbili kabla ya kuwasha.