Reli ndogo ya mezani kwa hela ya kuungaunga, nianzie wapi?

MwanaNgamiani: Habari wakuu, nataka kutengeneza reli ndogo ya mezani, mandhari ya huku kwetu Tanga, mashamba ya mkonge na milima ya Usambara kwa nyuma, ila hela ya kuungaunga na meza ina upana wa sentimita 70 tu. Nichukue saizi gani?

Kaka_Chumbageni: Chukua saizi inayoitwa N mkuu, yaani 1:160 (treni ni ndogo mara 160 kuliko ya kweli), upana kati ya reli zake ni milimita 9 kwa hiyo duara la reli linaenea hapo, saizi kubwa zaidi ya HO, yaani 1:87, itakubana. Tafuta seti ya mtumba yenye treni, reli na kidhibiti cha umeme, hapo ndo pa kutoa hela, vingine okoteza.

BiMkonge: Milima chonga povu la kwenye boksi la tivii, bandika magazeti kwa gundi ya mbao uliyoizimua na maji, ikikauka paka rangi. Nyasi ni unga wa mbao toka kwa seremala, uloweke rangi ya kijani uanike. Mkonge kata karatasi ngumu vijiti vyenye ncha, vifunge chini vichanue juu, inapendeza mno!

Kaka_Chumbageni: Na treni ikianza kusitasita futa reli kwa kitambaa chenye spiriti, vumbi linazuia umeme.

MwanaNgamiani: Asanteni sana, kesho naenda kuomba unga wa mbao.