Re: Mama anatoka Moshi Julai, abebe masweta mangapi?

[Leicester]
Habari za siku, wana Moshi. Mama anakuja kwangu huku Uingereza Julai, mwezi mzima. Ana miaka 71 na presha. Anauliza masweta mangapi.

[Pasua, Moshi]
Pole na maandalizi, dada. Mimi nilikaa huko miaka 11, nimerudi nyumbani. Mama anauliza masweta kwa sababu Julai hapa ndiyo baridi yetu: mlima umejifunika mawingu, bodaboda wamevaa majaketi. Moja linatosha, la kwenye ndege.

Nilikuwepo Julai 19, 2022, kijiji cha Coningsby kilipofika nyuzi 40.3. Uingereza haikuwahi kufika 40. Rekodi iliyokuwepo ilikuwa 38.7, Cambridge, 2019. Jirani yangu mzee alibisha siku nzima kwamba joto ni lile la 1976. Lile lilidumu kweli, ila kilele chake kilikuwa 35.9.

[Reading]
Shikamoo kaka. Naongezea: siku moja ya 40 inapita. Kilichotuchosha sisi ni 2025. Siku kali kuliko zote ilikuwa 35.8 tu, kule Faversham, hata rekodi haikugusa. Lakini wastani wa Juni mpaka Agosti, mchana na usiku pamoja, ulifika 16.1, ukaipiku 2018 iliyokuwa inaongoza. Hiyo 1976 ya wazee imetoka hata kwenye tano za juu.

Namba 16 inachekesha ukiwa Moshi, najua. Ni kwamba usiku uligoma kupoa. Februari nyumbani tunaungua mchana, jioni tunatoa viti nje, madirisha yenye wavu yanabaki wazi mpaka asubuhi. Huku nyumba imejengwa kutunza joto. Chumba changu cha juu, dirisha linafunguka upana wa kiganja tu, na mwenye nyumba alikataa kuligusa.

Kwa hiyo dada, mama asilale juu. Mpe chumba cha chini. Mchana shusha mapazia upande wa jua na funga madirisha, fungua kukipoa nje. Feni nunua sasa hivi. Joto likishaanza madukani zinaisha. Dawa za presha muulize daktari wake kabla hajasafiri, nyingine haziendani vizuri na joto kali.

[Leicester]
Asanteni sana. Nimempigia. Feni amekubali, chumba cha chini amekubali. Masweta amepunguza kutoka matano mpaka manne.