Stakabadhi za mkulima wa korosho: orodha au seti?

Mtwara Mjini: Ndugu zangu, natengeneza kwa lugha ya Java na Hibernate, zana inayohifadhi vitu vya programu katika majedwali ya hifadhidata, programu ya chama cha msingi, ambamo mkulima mmoja ana stakabadhi nyingi za ghalani. Wengi huziweka katika orodha kwa mazoea. Mimi nasema seti, isiyoruhusu marudio, kwa sababu orodha isiyo na safu ya mpangilio huhesabiwa kuwa kapu, yaani mkusanyiko usio na mpangilio unaoruhusu marudio, na panapokuwa na jedwali la kuunganisha, yaani jedwali la tatu linaloonyesha stakabadhi ipi ni ya nani, ukitoa kitu kimoja kapuni, Hibernate hufuta mistari yote ya mwenye kapu na kuandika upya iliyobaki. Anayeng'ang'ania orodha hakuelewa somo la seti sekondari.

Masasi: Kaka, somo hilo nimelifundisha miaka sita, na neno lako limeniuma. Hebu nieleze, seti yako itajuaje kwamba stakabadhi mbili ni moja? Mkulima akileta kilo 80 asubuhi na kilo 80 jioni, nawe ukalinganisha kwa tarehe na uzito, ya pili itamezwa na mtu atapoteza jasho lake.

Nachingwea: Sisi tulilinganisha kwa kitambulisho kinachotolewa na hifadhidata. Kabla ya kuhifadhi kilikuwa tupu; baada ya kuhifadhi namba ya heshi, ambayo seti hutumia kutafutia kitu, ikabadilika, na seti ikakana stakabadhi iliyokuwa ndani yake. Tulihamia kwenye namba iliyochapwa kwenye karatasi.

Mtwara Mjini: Mwalimu, naomba radhi kwa neno la sekondari. Seti hata hivyo siiachi: nilipovuta stakabadhi na malipo kwa pamoja kama makapu mawili, Hibernate ilikataa, na nilipoweka seti ikakubali.

Newala: Imekubali, lakini mzigo uko palepale. Stakabadhi 20 na malipo 30 ya mkulima mmoja huleta mistari 600, na seti inakufichia marudio tu. Vuta moja kwanza, nyingine baadaye. Tena stakabadhi hubeba ufunguo wa mkulima wake, kwa hiyo jedwali la kuunganisha ulilotutajia mwanzoni halipo hapa.

Masasi: Radhi nimeipokea, kaka. Ila namba ya stakabadhi izuiwe isirudiwe kwa sharti la upekee ndani ya hifadhidata yenyewe, kwa kuwa karani wa pili akiingiza stakabadhi ileile kwenye kompyuta nyingine, seti iliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta yako haitamwona.