Binti wa miaka 12 na lita mbili za maji kila alfajiri: je, atapungua uzito?

Mama wa Katuba:
Wazazi wenzangu wa Lubumbashi, nawasalimu nyote. Nina binti wa miaka 12 ambaye amenenepa upesi kiasi kwamba sketi ya sare niliyomshonesha shule zilipofunguliwa mwezi wa 9 haifungi tena kiunoni. Shangazi yake, yaani wifi yangu, ametuletea agizo: kila alfajiri, kabla ya kutia kitu chochote kinywani, mtoto anywe lita mbili za maji ya vuguvugu ili yayeyushe mafuta. Siku ya nne alitapika ndani ya beseni, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba kichwa kinamgonga. Nimesimamisha zoezi hilo, lakini wifi anasema ninamdekeza. Naomba kujua: maji yanampunguza mtoto uzito, au hayampunguzi?

Muuguzi wa Kampemba:
Dada, ulifanya vyema kusimamisha. Maji hayayeyushi mafuta, yawe ya moto au ya baridi. Mafuta ya mwilini hupungua pale tu mtu anapotumia nguvu nyingi kuliko zile anazoingiza kwa kula na kunywa. Tena lita mbili kwa mkupuo ni hatari, kwa sababu hata figo za mtu mzima hutoa takriban lita moja tu kwa saa, na maji yakizidi uwezo huo huizimua chumvi ya damu, ndipo huja kichefuchefu, maumivu ya kichwa, na mambo yakiharibika zaidi, degedege.

Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilipendekeza mwaka 2010 kwamba msichana wa miaka 9 hadi 13 apate lita 1.9 kwa siku, na mvulana wa umri huo lita 2.1, lakini hiyo ni hesabu ya siku nzima, na maji yaliyomo katika chakula yamo ndani yake. Bukari (yaani ugali), maharage, mboga na machungwa vyote vinaleta maji. Katika joto letu la mwezi wa 10 ataongeza kidogo, tena kwa vikombe, siyo kwa ndoo.

Jambo jingine: katika umri wa kubalehe wasichana huongezeka uzito kwa kawaida, kwa hiyo mizani peke yake haisemi mengi. Mpeleke kituo cha afya wampime uzito pamoja na urefu, wavilinganishe na chati ya umri wake. Ila ukiona anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa mara kwa mara na huku anakonda, usingoje. Apimwe sukari siku hiyohiyo.

Mwalimu Ruashi:
Naafiki maneno ya muuguzi, lakini tusiyatupe maji nje ya habari hii kabisa. Kule Dortmund na Essen, Ujerumani, watafiti waliweka mabomba ya maji ya kunywa katika baadhi ya shule za msingi na kuwafundisha watoto faida ya maji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba katika shule hizo hatari ya watoto kuwa na uzito uliozidi ilipungua kwa asilimia 31 ikilinganishwa na shule nyingine. Uholanzi nako, watoto 641 walipewa kila siku mililita 250 za kinywaji, wengine chenye sukari na wengine kisicho nayo, na baada ya miezi 18 waliopewa chenye sukari walikuwa wameongezeka wastani wa kilo 7.37, wenzao kilo 6.35. Maji yana faida yanapokalia kiti cha sukre, yaani soda. Chupa moja ya sentilita 33 ina takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko saba vya chai.

Kwa hiyo, mama, mimi ningeuliza kwanza: binti anakunywa nini akiwa shuleni?

Baba Watano:
Sukre ni vitu vya kiwandani. Sisi tumekuzwa kwa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na hatukunenepa.

Muuguzi wa Kampemba:
Munkoyo wa bibi, sawa, Baba Watano. Huu wa barabarani wauzaji wengi wanautilia sukari kwa kikombe, na mwili hauulizi sukari ilipitia kiwandani au la.

Mama wa Katuba:
Mwalimu, swali lako limenitoa usingizini. Kila asubuhi ninamwekea chupa ya maji yaliyochemshwa, na kila mchana inarudi imejaa; nami, mjinga, nilikuwa nikidhani anaijaza tena kwenye bomba. Jana usiku nilimketisha tukaongea. Anasema vyoo vya wasichana shuleni kwao havina milango, kwa hiyo yeye na wenzake wameamua kutokunywa chochote hadi kengele ya mwisho, na wakitoka wanakimbilia kwa muuza sukre wakiwa na koo kavu. Pesa ni ile ya usafiri niliyompa. Nyumbani anarudi kwa miguu. Siku nyingine anakunywa mbili.

Nyumbani hatutaleta tena sukre isipokuwa siku ya sikukuu, na wifi nitamweleza taratibu. Lakini chupa ninayomwekea nitaifanyaje, ikiwa hana mahali pa kujisaidia? Kamati ya wazazi inakutana Jumamosi, nami sijawahi kusimama mbele ya watu.

Mwalimu Ruashi:
Simama, mama. Beba na ile chupa iliyojaa, iweke mezani kabla hujasema neno.

Fundi Mbao:
Mama, niandikie kwa faragha jina la shule na idadi ya vyoo. Mbao za milango miwili ninazo hapa karakanani, zilibaki kwenye kazi nyingine. Bawaba na makomeo wazazi wachange. Ijumaa jioni ninaweza kupita kuchukua vipimo, ili Jumamosi uende na bei mkononi.