Mjadala: Njia za pikipiki za theluji Maine zifungwe au ziachwe?

Nyuki wa Androscoggin (Ijumaa, 8 Januari 2021)
Wakuu, poleni na baridi. Tulioko Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, tunajua theluji ikikolea tu huko Millinocket na Jackman, kila Ijumaa barabara inajaa magari yanayovuta trela za mashine, yaani pikipiki za theluji. Amri ya jimbo ni kwamba anayetoka nje akae karantini siku 10 au awe na kipimo cha korona kisichozidi saa 72. Waliosamehewa ni New Hampshire na Vermont tu, Massachusetts haimo. Sasa pale Kittery darajani, wanapoingilia Maine, nani anawasimamisha? Hakuna. Mimi nasema njia zifungwe hadi chanjo ienee. Hospitali za kaskazini ni ndogo, vitanda vya kuhesabu, na mtu aliyegonga mti akiwa maili 60 kwa saa hakai hapo siku moja tu akaondoka. Na tusidanganyane, huu ni mchezo wa Wazungu wenye hela. Zikifungwa sisi hatupungukiwi na kitu.

Boda wa Theluji
Wazungu wenye hela, nani kakwambia? Mimi mtoto wa Bukavu, nakaa Lewiston hapa hapa, mashine ninayo. Ya mtumba, ina kiraka kwenye kiti, lakini nimeisajili jimboni kama watu wote. Au Mungu alipogawa raha alituruka sisi?

Nyuki wa Androscoggin
Ndugu yangu, mmoja hafanyi jamii. Nijibu la vitanda.

Boda wa Theluji
Wa vitanda atajibiwa na madaktari. Mimi najibu aliyenitukana.

Mkisii wa Brooklyn Park
Huku Minnesota Gavana Walz alifunga baa na mikahawa isikaliwe ndani tangu tarehe 20 Novemba, na Jumatatu ndiyo inafunguliwa kwa nusu ya viti. Njia za theluji hazikuguswa. Ukifikiria ina maana: uko nje, helmeti uso mzima, wa karibu yako yuko mita 30 nyuma. Korona itapandia wapi? Shida ni pale wanaposimama kula. Fungeni kuta, acheni msitu.

Mama Neema
Mkisii, umeongea kama mtu ambaye hajasimama dirishani kuuzia watu. Mimi nafanya usiku nyumba ya kulea wazee, asubuhi napita kituo cha mafuta kuchukua kahawa. Wikiendi wanaingia sita kwa pamoja, wanavua helmeti mlangoni, vichwa vinafuka moshi kama wametoka kwenye sufuria, ndiyo kwanza wanaanza kutafuta barakoa mifukoni. Anayewauzia ni binti wa Kisomali wa miaka kumi na tisa. Mimi nina alama ya barakoa puani hata nikiwa nimelala. Halafu mnaniambia korona haina pa kupandia.

Mzalendo wa Kigamboni
Poleni sana wakuu. Sisi huku Tanzania tulisali siku tatu, mambo yakaisha. Daladala zimejaa, harusi zinapigwa, hakuna cha barakoa. Nyie endeleeni kuhesabu vitanda.

Mama Neema
Hayakuisha, kuhesabu ndiko kulikoisha. Takwimu zenu zilisimama kwenye wagonjwa 509 mwaka jana hazijasogea tena. Kaka, usinipandishe presha, nimetoka zamu.

Mzalendo wa Kigamboni
Wewe uliyeko kwa wenye vipimo vyote, mnazika wangapi kwa siku? Haya.

Fundi wa Sherbrooke
Ninyi wa Maine mnadeka. Huku Québec, Canada, kuanzia kesho ni kafyu, saa mbili usiku hadi kumi na moja alfajiri, faini dola 1,000 hadi 6,000. Aliyezoea kuendesha usiku mwaka huu atalala na mkewe. Mpaka wa Canada na Marekani nao umefungwa kwa matembezi tangu Machi, yale mambo ya kuvuka kuja kwenu kula mayai na kurudi hayapo. Lakini kuifunga mashine yenyewe, hapana. Mjue ilikotoka. Valcourt si mbali na kwangu. Bombardier, fundi wa huko, alipoteza mtoto mdogo 1934 kwa sababu theluji ilizuia kumfikisha hospitali, ndipo akaunda Ski-Doo, pikipiki ya theluji.

Mkisii wa Brooklyn Park
Ski-Doo ni ya 1959, mzee. Ya kwanza aliyopata hataza ilikuwa B7 ya 1937, ya kubebea watu saba, ina milango kama gari. Hiyo ndiyo ilibeba wagonjwa. Ski-Doo ni ya kuchezea, usiipakie msiba.

Fundi wa Sherbrooke
Mtoto alikufa au hakufa? Basi tulia.

Shangazi wa Kisauni
Nimesoma kutoka juu. Kumbe pikipiki za theluji zanunuliwa? Boda, wallahi wewe ni kama wapwa zangu. Shule huku Kenya zimefunguliwa Jumatatu baada ya miezi tisa, ada yatakiwa, barakoa za watoto zatakiwa. Ukipiga simu waambiwa "shangazi, korona imefunga kazi". Kazi imefungwa, theluji iko wazi?

Boda wa Theluji
Shangazi, heshima yako. Mimi natuma nyumbani kila mwezi kabla sijalipa hata umeme. Wadogo zangu wawili wamesoma kwa mkono huu. Miezi minne ya giza, saa kumi jioni jua limezama, kiwandani tunasimama kwa alama za rangi sakafuni kama watoto wa chekechea. Jumapili moja niende porini nipumue, nayo nihesabiwe?

Shangazi wa Kisauni
Sijakuhesabia. Nimeuliza tu.

Mkisii wa Brooklyn Park
"Nimeuliza tu" ya shangazi za Pwani ina bili ndani yake.

Shangazi wa Kisauni
Na ya Wakisii ina nini? Nyinyi mnaotuma picha za gari halafu hamtumi nauli?

Katibu Asiyelipwa
Jamani, wiki hii watu wamepanda kuta za Bunge Washington, sisi tunagombania shangazi. Nyuki, unaposema "zifungwe", nani afunge? Sehemu kubwa ya njia za Maine inapita mashamba na misitu ya watu binafsi, kwa ridhaa yao tu. Wanaozilainisha usiku ni vilabu vya kujitolea, na hela yao ya dizeli ilikuwa inatoka kwenye chai za asubuhi na harambee za maharage, ambazo ndizo korona imeua. Mwenye shamba mmoja akichoka na fujo akaweka mnyororo, njia imekatika, na huenda isirudi hata korona ikiisha. Mimi naogopa hilo kuliko agizo la Gavana wetu Mills.

Mzalendo wa Kigamboni
Harambee ya maharage Marekani? Hahaha, kumbe mko Morogoro tu.

Boda wa Theluji
Yanachimbiwa shimoni na mafuta ya nguruwe, yanalala humo usiku kucha. Usicheke kitu hujaonja.

Shangazi wa Kisauni
Nguruwe! Na ada yetu iko wapi?

Nyuki wa Androscoggin
Naomba tu mtu mmoja anijibu kuhusu vitanda.

Mama Neema
Nimejibu mimi, hamkusoma. Nalala.