Mtoto "anaumwa tumbo" kila asubuhi ya shule: wazazi na walimu tupeane uzoefu

Mama wa Tabata

Wakuu, salaam. Mwanangu yuko darasa la pili. Tangu shule zifunguliwe, Jumapili jioni tumbo linamkamata, Jumatatu alfajiri anatapika basi la shule likiwa getini. Malaria tumepima, hana. Mkojo na choo, safi. Dawa ya minyoo kameza. Daktari akauliza swali moja tu: "Jumamosi linauma?" Haliumi. Likizo je? Wala. Akanieleza kuwa mtoto hadanganyi, hofu huuma tumboni kweli kweli, na mtoto wa umri ule bado hajui kusema "nina wasiwasi". Anachojua ni tumbo.

Ukimuuliza "shule vipi?" anajibu "nzuri", basi. Nikamwambia tucheze shule, yeye mwalimu, mimi mwanafunzi. Weee! Alinisimamisha, akanirushia hesabu za kichwa, nikikosa nabaki nimesimama darasa zima linanicheka. Hapo nikajua Jumatatu kipindi cha kwanza kuna nini. Nilimfuata mwalimu wake bila kelele, tukakubaliana mtoto aandike jibu kwanza ndipo alisome. Tumbo halijaisha lote, ila kutapika kumekoma.

Kwenu ilikuwaje?

Baba Mapacha, Mwanza

Msicheke: kwetu kisa kilikuwa choo cha shule. Milango haina komeo, wakubwa wanaisukuma makusudi. Binti yangu wa darasa la kwanza akaamua hanywi maji na anabana kutwa nzima. Choo kikawa kigumu, tumbo likauma. Aliyegundua ni dada wa kazi, kwa sababu chupa ya maji ilikuwa inarudi nyumbani imejaa vilevile. Kwenye kikao cha wazazi tukachanga, fundi akafunga makomeo, tena chini, mkono wa mtoto mdogo unapofika. Papai na maji vikamaliza kazi iliyobaki.

Mzee wa Zamani

Sisi tulichapwa, tukatembea pekupeku, na watu tumekuwa. Mnalea mayai.

Mwalimu, Dodoma

Shikamoo mzee. Wengine tuliosoma nao waliacha shule kwa ajili ya fimbo hiyohiyo, ndiyo maana hawapo hapa kusimulia. Na hata kwa kanuni za viboko shuleni, fimbo si ya kila mwalimu: ni mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na iandikwe kwenye kitabu. Mzazi anayeona alama za zaidi ya hapo ana haki ya kuuliza kitabu kiko wapi.

Mimi darasa langu ni kubwa mno, siwezi kukaa na kila mmoja. Ninachofanya ni kusimama mlangoni asubuhi na kumwita kila anayeingia kwa jina lake. Anayeitika kwa sauti ya chini siku mbili mfululizo, namtuma aniletee chaki ofisini, tunaongea njiani. Bila macho ya wenzake, mtoto husema. Nimesikia ya baba kupoteza kazi, ya kulala njaa, ya wazazi kugombana usiku.

Mama Swaleh, Mombasa

Wangu alianza kuning'ang'ania baada ya bibi yake kufariki. Watu wazima tukamwambia "bibi amesafiri". Kumbe kila nikishika mkoba, yeye aona nami nasafiri vilevile! Skuli hataki, chooni anifuata. Mamangu mdogo ndiye aliyemkalisha akamwambia wazi: bibi amekufa, hatarudi, na mamako anakwenda kazini, atarudi baada ya alasiri. Tukampeleka kaburini akasoma Fatiha. Alilia sana siku ile, na mimi nililia. Baada ya wiki chache alianza kwenda na wenziwe.

Dada wa Ustawi

Niongeze moja zito. Mtoto akiogopa *mtu fulani*, iwe dereva, mjomba au mwalimu wa tuisheni, ameanza tena kukojoa kitandani, au hataki kuguswa, msianze michezo ya kuigiza wala kumhoji mara kumi. Mwambieni mnamwamini, mtengeni na mtu huyo leo hii, kisha pigeni 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nendeni kwa afisa ustawi wa jamii. Kumuita mtuhumiwa mkae kikao cha familia kunamfundisha mtoto kunyamaza.

Mgeni Jukwaani

Wangu alikuwa bweni tangu chekechea, akarudishwa nyumbani serikali ilipozuia bweni kwa walio chini ya darasa la tano mwaka 2023. Mpaka leo anakula haraka haraka na kuficha mkate chini ya mto. Nimkataze?

Mama wa Tabata

Usimkataze, ndugu yangu. Mwekee kopo lake la mkate lenye mfuniko, alale nalo akitaka. Na sisimizi hawatakusumbua.