Laptopu inawaka, kioo giza tupu: naomba ushauri kabla sijanunua kioo kipya

Mwalimu_wa_Busia
Habari zenu ndugu. Niko Busia upande wa Uganda, nafundisha Kiswahili sekondari. Laptopu yangu ni ya mtumba, inchi 14, ina Windows 10 na ramu ya GB 8. Tangu juzi nikibonyeza kitufe cha kuwasha, taa inawaka, feni naisikia ikizunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Mara mojamoja nembo ya kampuni inachungulia kidogo halafu giza. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu, na laptopu ilikuwa kwenye chaja.

Nimeipeleka kwa fundi hapa mjini. Akaiwasha, akaitazama, hata bisibisi hakushika, akasema kioo kimekufa, leta laki tatu na nusu. Kwa sasa pesa hiyo sina, na hata ningekuwa nayo ningependa kujua kwanza kama kweli tatizo ni kioo. Kinachoninyima usingizi ni alama za tathmini endelevu za kidato cha tatu na cha nne (S.3 na S.4). Zote zimo humo, na zinahesabiwa kwenye matokeo ya mtihani wa taifa wa watoto hawa. Kazi nyingi za mradi nilishawarudishia. Nianzie wapi? Na zile alama nitazitoaje?

Fundi_wa_Jinja
Pole sana mwalimu. Usimlipe mtu kwanza. Kioo kuwa cheusi kunaweza kutoka sehemu nyingi: ramu, bodi kuu ya mashine, Windows yenyewe, waya wa kioo, taa za nyuma ya kioo, au kioo chenyewe. Anayetaja kioo bila kupima anabahatisha kwa pesa yako.

Anza hivi. Chomoa chaja, chomoa flashi na kila kilichochomekwa. Kama betri inatoka kwa nje, itoe. Shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 bila kuachia. Rudisha chaja peke yake, uwashe. Umeme ukirudi vibaya, bodi wakati mwingine inaganda na chaji iliyobaki ndani, na njia hii inaiamsha.

Ikigoma, iache iwake dakika mbili hivi kisha bonyeza Caps Lock. Taa yake inawaka na kuzima unapobonyeza? Halafu ingia chumba chenye giza, washa tochi ya simu uilaze karibu na kioo kwa upande, uangalie kama kuna picha hafifu sana. Ukiiona, kioo kinachora picha ila mwanga wa nyuma umekufa. Tuletee majibu ya vyote.

Kijana_Wandegeya
Hiyo ni Windows imeharibika. Tia Windows mpya kwa flashi, saa moja tu imepona. Mimi zangu zote nafanya hivyo.

Nnalongo_wa_Mukono
Kaka, tafadhali usimshauri hivyo. Mwalimu ana alama za wanafunzi humo na hana nakala. Kutia Windows upya kuna hatua ya kuchagua sehemu ya diski, na mtu asiyeona kioo atafuta kila kitu kwa kubonyeza tu Enter.

Mwalimu, lipo tatizo la Windows linalofanana na lako, na lina alama yake. Nembo inaonekana vizuri kila ukiwasha, hata ukurasa wa BIOS, ule wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows, unafunguka bila shida, giza linaingia pale Windows inapoanza. Hiyo mara nyingi ni draiva ya picha, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuonyesha picha. Dawa yake kwanza ni kubonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Draiva inajianzisha upya na unasikia mlio mfupi. Isipokubali, unaizima katikati ya kuwaka mara tatu mfululizo, Windows inafungua ukurasa wa matengenezo, na kutoka hapo unaingia hali salama (Safe Mode) kwa F4. Angalizo: kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, hapo unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo utafute mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft.

Lakini wewe umesema nembo inatokea mara mojamoja. Nembo inakuja kabla Windows haijaguswa. Ikiwa nayo inapotea, sidhani kama kosa liko kwenye Windows.

Afande_Mstaafu_Bombo
Salaam mwalimu. Niliwahi kutunza kompyuta za ofisi kazini miaka mingi. Vumbi letu hili jekundu linaingia kila mahali. Fungua kifuniko cha chini, toa ramu, sugua meno yake ya shaba taratibu kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha mpaka isikike ikibana. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Betri iwe imechomolewa kabla hujagusa kitu. Nimeona nyingi zikiamka kwa raba tu.

Mwalimu_wa_Busia
Asanteni sana, nimefanya. Sekunde 30 hazikubadili kitu. Windows, Ctrl, Shift na B, sikusikia mlio. Caps Lock inawaka na kuzima vizuri. Kwa tochi sikuona kitu chochote, hata kivuli. Ramu sijaigusa, bisibisi ndogo ya nyota sina. Nimeogopa kidogo: kama tochi haionyeshi picha, ina maana bodi imekufa?

Fundi_wa_Jinja
Hapana mwalimu, usiogope. Caps Lock kuitika ni habari njema. Maana yake kichakataji kinafanya kazi na ramu imeshapita ukaguzi wa mwanzo. Afande, kwa heshima yote, ramu ikigoma Caps Lock huwa haiitiki hivyo. Nyingine inapepesa yenyewe kwa mpangilio au mashine inalia milio. Raba aiweke akiba.

Sasa mashine ni hai, tunatafuta picha inapotelea. Je, kuna televisheni yenye HDMI hapo karibu?

Mwalimu_wa_Busia
Jirani anayo. Nimejaribu sasa hivi, televisheni inaandika hakuna mawimbi.

Fundi_wa_Jinja
Umeibadilisha kutoka kwenye kioo cha laptopu kwenda televisheni? Laptopu nyingine hazitumi nembo nje, zinasubiri Windows. Na Windows inaweza kuwa imeambiwa itumie kioo chake peke yake. Fanya bila kuona:

Washa, subiri dakika mbili tatu. Bonyeza Enter mara moja ili pazia la mwanzo liondoke. Andika paswadi yako kama kawaida, Enter. Subiri tena kidogo. Kisha shikilia Windows ubonyeze P, achia, bonyeza mshale wa chini mara moja, Enter. Hapo unaiamuru ionyeshe picha ileile pande zote mbili. Hakikisha televisheni iko kwenye tundu lilelile la HDMI ulilochomeka.

Mwalimu_wa_Busia
IMETOKEA! Kwenye televisheni naona kila kitu, picha yangu ya shule, mafaili yote! Mungu awabariki. Nimeshanakili faili za alama kwenye flashi na nyingine nimejitumia kwa barua pepe hapohapo, kwa intaneti ya simu ya jirani. Mikono ilikuwa inatetemeka. Kioo cha laptopu bado cheusi.

Nnalongo_wa_Mukono
Alhamdulillahi. Hilo ndilo lilikuwa kubwa, mengine ni vifaa. Fungua zile faili kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka, usitosheke na kuona majina yake tu.

Mkaazi_wa_Malaba
Mwalimu, umeangalia sumaku? Pembeni ya kibodi kuna kihisi kinachojua kama umefunika laptopu, na kwenye kifuniko kuna sumaku ndogo. Kava ya simu yenye sumaku, au kuiweka juu ya laptopu nyingine, vinaidanganya kwamba imefunikwa. Dada yangu alihangaika wiki nzima, kumbe kava ya simu.

Fundi_wa_Jinja
Ni jambo la kweli, na si wengi wanaolijua. Ila laptopu ikidhani imefunikwa, kwa kawaida inalala yote, na televisheni ingezima pamoja nayo. Ya mwalimu inaendelea kuonyesha nje.

Mwalimu, jaribio moja la mwisho, na hili lifanye taratibu sana. Ikiwa imewaka, inamisha kioo karibu kukifunga, halafu kirudishe nyuma kidogokidogo. Usilazimishe. Angalia kama kuna mahali picha inarudi, hata kwa kupepesa.

Mwalimu_wa_Busia
Fundi, umejuaje? Kioo kikiwa kimesimama kama nusu hivi, picha inatokea safi kabisa, hata rangi hazina kasoro. Nikikirudisha nyuma mpaka pale ninapopazoea kufanyia kazi, inapepesa mistari halafu giza. Nimerudia mara kadhaa, ni mahali palepale. Na nakumbuka bawaba ya kushoto inalia tangu muhula uliopita.

Fundi_wa_Jinja
Basi kioo chako ni kizima. Kioo kilichokufa hakifufuki kwa kuinamishwa. Huo ni waya wa kioo, ule unaotoka kwenye bodi na kupita ndani ya bawaba kwenda juu. Picha na umeme wa taa za nyuma vyote vinapita humo, ndiyo maana hata tochi haikukuonyesha kitu. Kila ukifungua na kufunga, unakunjwa. Bawaba ikikaza, unasuguliwa mpaka nyuzi za ndani zinakatika. Umeme wa usiku ule nadhani hauhusiki, zimegongana siku moja tu.

Tafuta fundi mwingine, umwambie maneno haya: badilisha kebo ya kioo, na legeza bawaba ya kushoto. Asipolegeza bawaba, kebo mpya itakatika vilevile. Kebo ya zamani ina kikaratasi chenye namba ya kifaa. Aagize kwa namba hiyo, asiagize kwa jina la laptopu tu. Laptopu za jina moja zinaweza kuwa na kebo ya pini 30 au ya pini 40, nazo haziingiliani.

Na simama uangalie akifanya: betri lazima ichomolewe kwenye bodi kabla kebo haijaguswa. Umeme wa taa za kioo upo kwenye tundu hilohilo. Kebo ikichomekwa kombo na betri ikiwa imeunganishwa, fyuzi ndogo ya bodi inaungua, na hapo ndipo tatizo dogo linapogeuka kuwa la bodi. Nimeletewa nyingi za namna hiyo, na inaniuma kwa sababu wenyewe walikuja na waya tu.

Kijana_Wandegeya
Nimejifunza, asante fundi. Kumbe Caps Lock inasema mengi. Swali: kwa wakati huu anaposubiri kebo, anaweza kuitumia na televisheni?

Fundi_wa_Jinja
Anaweza, bila shida. Kioo akiache mahali pamoja asikichezeshe, nyuzi zilizochubuka zikigusana zinaweza kuleta shoti. Akipata skrini ya mezani ni nzuri zaidi.

Mwalimu_wa_Busia
Narudi na majibu. Nimempata fundi Tororo, kijana mtulivu. Nilimweleza kama mlivyoniambia, akafungua mbele yangu, akachomoa betri kwanza kabla sijasema. Kebo ilikuwa imechubuka pale pale kwenye bawaba ya kushoto, plastiki nyeusi imebambuka na nyuzi nyembamba kama nywele zimejitokeza, mbili zimekatika kabisa. Aliagiza kwa namba ya kikaratasi, ikaja kutoka Kampala kwa basi. Kebo na kazi yake nimelipa elfu themanini kwa simu. Bawaba ameilegeza na kuitia mafuta tone moja. Sasa naiandikia humuhumu, kioo kimeegemea nyuma kama ninavyopenda. Alama nimeshazikabidhi kwa mkuu wa taaluma.

Afande_Mstaafu_Bombo
Hongera mwalimu. Hata kama umeme haukuwa na kosa safari hii, nunua stabilaiza au ekstensheni yenye kinga, na ukisikia radi chomoa chaja. Huku kwetu radi hazingoji msimu.

Mkaazi_wa_Malaba
Mwalimu, hicho kikaratasi cha namba kiko wapi kwenye kebo? Ya kwangu imeanza kupepesa nikiifungua, nataka niagize kabla haijakata.

Mwalimu_wa_Busia
Kwangu kilikuwa kwenye ncha ya chini, karibu na pale inapochomekwa kwenye bodi, kimezungushwa kwenye waya. Herufi ni ndogo mno, piga picha kwa simu uikuze. Ila nakili mafaili yako leo, usingoje kebo ifike.